Mpira wa Rejeta na Wake wa Kaka Yangu

Gari la marehemu kaka yangu lilikuwa na wake wawili, kama alivyokuwa nao mwenyewe.

Alipotutoka, nyumba hazikuleta shida, maana zilikuwa mbili tangu zamani. Gari lilikuwa moja. Wakakaa kikao, wakanuniana, wakaamua wiki kwa wiki. Kila Jumamosi saa sita mchana aliye nalo anamkabidhi mwenzake ufunguo, tena si mkononi. Anauweka juu ya boneti, anasogea pembeni, na mwenzake anauchukua kwa ncha za vidole kama kitu kilichotemewa mate. Kabla ya hapo anatoa vyake. Bi Mkubwa hutoa tairi la akiba, bisibisi na spana, kwa sababu ndivyo vilivyomwangukia kwenye mgawo. Bi Mdogo hutoa jeki, nyundo na zulia la miguuni. Kwa hiyo tangu kaka azikwe, lile gari halijapata kuwa na jeki na tairi la akiba kwa wakati mmoja. Mwenye cha kuinulia hana cha kuvalisha, mwenye cha kuvalisha hana cha kuinulia, na wote wawili wanaona wameshinda.

Mimi ni wifi yao, dada wa marehemu. Kila mmoja huniletea maneno kama watu wanavyopeleka nguo kwa dobi, machafu, akitaka yarudi yamepigwa pasi.

"Wifi," Bi Mkubwa aliniambia siku moja, furaha imemjaa mpaka kooni, "ule mpira mnene unaopitisha maji ya rejeta umevimba. Umevimba ubavuni kama shavu la mwenye jino bovu."

"Si uutengeneze."

"Niutengeneze ili nani aendeshe? Wiki yangu inakwisha kesho kutwa. Acha umpasukie yeye."

Wiki iliyofuata akaja Bi Mdogo, akavuta kigoda, akaangalia huku na huku.

"Wifi, yule mwenzangu ni kipofu. Mpira wa rejeta umevimba na yeye anakanyaga mafuta tu. Sisemi neno. Utampasukia hukohuko."

"Na ukikupasukia wewe?"

"Mimi si mjinga." Akaupiga mkoba wake kofi dogo la mapenzi. Siku hiyo sikumwelewa.

Basi ikawa hivyo. Kila mmoja anaendesha taratibu wiki nzima kana kwamba amepakia mayai, mpira usije ukapasuka kwake. Ikifika asubuhi ya Jumamosi, anakanyaga mafuta kama anafukuzwa, mpira uchoke vizuri kabla ya kumfikia mwenzake. Niliwaambia wote wawili mnacheza na moto. Kila mmoja akanijibu kwamba kamwambie yule.

Sasa nije kwenye jicho langu. La kushoto lilikuwa limekwisha funga duka, ukungu mweupe mtupu. La kulia lilikuwa linashusha mlango taratibu. Nilikuwa naona watu kama nguo zilizoanikwa, rangi zinatembea bila nyuso. Daktari wa macho huja mji wa pili mara moja kwa mwaka, na mwaka huo siku yake ya mwisho ikawa Jumamosi. Muuguzi aliniambia kwa simu, bibi, saa sita daktari anafunga mlango. Ukikosa ni mwaka kesho, na kwa jinsi ulivyo, mwaka kesho utakuja kwa kushikwa mkono.

Saa sita, Jumamosi. Mmeshaona mambo.

Asubuhi ilikuwa bado ya Bi Mkubwa, mchana ungekuwa wa Bi Mdogo. Bi Mkubwa akasema atanipeleka. Bi Mdogo akasema hawezi kuliacha gari lake likabidhiwe mji wa watu, nani ashuhudie, na yeye anakwenda. Wakaja wote wawili kunichukua, tairi la akiba limeshaachwa nyumbani kwa Bi Mkubwa, jeki na zulia la Bi Mdogo vimeshapakiwa kwenye buti vikingoja saa sita. Nikawaambia ahsanteni, nimejua leo kwamba napendwa. Hakuna aliyecheka.

Bi Mdogo hakukubali kukaa mbele karibu na mwenzake, akakaa nyuma na mimi, mkoba wake katikati yetu. Nilikuwa nimeambiwa nije na maji yangu hospitali, kwa hiyo dumu langu la maji ndilo lililokaa kiti cha mbele, limefungwa mkanda, kama bwana harusi.

Tulipotoka mjini Bi Mkubwa akaanza kukanyaga mafuta. Ilikuwa Jumamosi yake.

"Punguza," akasema Bi Mdogo.

"Gari ni langu mpaka saa sita."

"Nimesema punguza, umembeba mgonjwa."

"Tangu lini umekuwa na huruma? Ungeanza kwa marehemu."

"Marehemu alikuwa akija kwangu kupumzika. Sijui kwenu alikuwa akichoka kwa kazi gani."

Nikaweka mkono juu ya ule mkoba ili nijiegemeze, maana barabara ilikuwa na mashimo. Ndani yake kulikuwa na kitu kigumu, kinene, kimejipinda kama kiwiko cha mtu, kina tundu kila upande. Nikakipapasa vizuri. Macho yalikuwa yameisha, vidole havikuwa vimeisha. Ulikuwa mpira wa rejeta, mpya, bado una ule unga wa dukani. Ndipo nikaelewa lile kofi la mapenzi. Mwenzetu alikuwa anatembea na mpira wake mwenyewe kama mtu anavyotembea na mwavuli.

Nikaurudisha mkono mapajani. Nikasikia harufu. Harufu tamu, kama sukari inayoungua chini ya sufuria.

"Kuna kitu kinanukia," nikasema.

"Ni marashi ya mwenzangu," akasema Bi Mkubwa.

Hapohapo mpira ukapasuka. Ulipiga mlio mzito, kisha ukaja mluzi mrefu wa mvuke, na kioo cha mbele kikawa cheupe kama jicho langu la kushoto. Bi Mkubwa akaendelea kuendesha.

"Zima gari," akasema Bi Mdogo. "Mshale wa joto umefika kwenye nyekundu. Utaua injini."

"Mji si mbali."

"Zima, mwanamke."

Akazima. Si kwa kumtii. Alikuwa haoni barabara.

Tukashuka. Mahali penyewe palikuwa barabara tupu, mashamba huku na huku, nyumba hakuna. Wakainua boneti, mvuke ukawapiga, wakarudi nyuma pamoja, jambo la kwanza waliloafikiana tangu msiba. Maji ya kijani yalikuwa yanatiririka chini ya gari mpaka kwenye viatu vyangu.

"Umepasuka ubavuni," akasema Bi Mkubwa. "Pale pale palipovimba."

"Ahaa. Kwa hiyo ulijua umevimba."

"Na wewe umejuaje kwamba nilijua?"

"Nakuuliza wewe uliyekuwa nalo wiki nzima."

"Nililipokea kwako likiwa limevimba."

"Nami nililipokea kwako."

Wakafika mahali ambapo kila neno lingewarudia, wakageukia injini. Bi Mkubwa ndiye aliyeanza tena, na safari hii sauti yake ilikuwa laini, nami ninaijua hiyo sauti.

"Hebu fungua mfuniko wa rejeta, mdogo wangu, tuone kama yamebaki maji. Wewe ndiye mjuzi."

Nikagonga fimbo yangu kwenye bati la gari. "Atakayegusa huo mfuniko nampiga. Kaka yangu alifungua rejeta ya moto mara moja tu, akakaa mwezi mzima akilishwa kwa kijiko. Subirini injini ipoe."

"Umemsikia?" Bi Mdogo akasema. "Alitaka kunibabua uso."

"Ungebabuka wapi ambapo hapajaharibika?"

Akapita mtu wa pikipiki, amebeba magunia nyuma. Akasimama, akachungulia, akaguna.

"Huu hauzibiki. Unahitaji mpira mpya na bisibisi ya kufungulia hivi vibano vya chuma. Mnavyo? Mimi nina ufunguo wa plagi tu."

"Hatuna," akasema Bi Mdogo, mkoba kwapani.

"Hatuna," akasema Bi Mkubwa. Nami nilikuwa nimemsikia asubuhi akiitupa bisibisi chini ya kiti chake, ikalia.

Yule mtu akanigeukia. "Bibi, ningekubeba, lakini magunia haya si yangu. Tena naona nyonga inakusumbua."

"Nenda, mwanangu. Ningekaa juu ya magunia, wangesema nimeuzwa."

Akaenda. Vumbi likatulia. Bi Mkubwa akaenda kukaa ukingoni mwa barabara upande mmoja, Bi Mdogo upande wa pili, gari katikati, mdomo wazi. Na mimi nikaelewa wanangoja nini. Bi Mkubwa alikuwa anangoja saa sita, gari bovu liwe la mwenzake. Bi Mdogo naye hakutaka kutoa mpira wake mpya uendeshwe na mtu mwingine hata kwa dakika, na kuutoa ni kukiri kwamba alijua muda wote. Mmoja ana mpira, mmoja ana bisibisi, na jicho langu liko katikati linafungiwa mlango.

Nikajaribu kwa uzuri kwanza.

"Wifi zangu, nawaomba. Mwenye chochote akitoe."

"Mwambie mwenye zamu," akasema Bi Mdogo.

"Mwambie mwenye kujua mengi," akasema Bi Mkubwa.

"Nitapofuka."

"Mungu hawezi kuruhusu," wakasema, mmoja baada ya mwingine, hakuna aliyeinuka.

Basi. Nikaenda kukaa kwenye kiti cha nyuma, mlango wazi, fimbo magotini, nikatoa sauti ya mtu aliyekubali yaishe.

"Sawa. Tutarudi nyumbani jioni tukipata wa kutuvuta. Ni vizuri nianze kuzoea. Bi Mkubwa, choo chako kipo ndani au uani?"

"Uani. Kwa nini?"

"Nataka kujua usiku tutatembea umbali gani. Maana huwa naamka mara nyingi, na nitahitaji wa kunishika mkono. Si mkono tu, na mambo mengine. Nyonga hii hainiruhusu kuchuchumaa peke yangu."

"Wewe una nyumba yako, wifi," akasema Bi Mkubwa.

"Kipofu akae peke yake na jiko la mkaa? Kaka yangu aliwaambia nini kitandani, mbele ya watu? Alisema dada yangu asiachwe peke yake. Mlilia wote, mkaitikia. Mimi nilikuwepo, wakati huo nilikuwa naona."

"Alisema, ndiyo," akasema Bi Mdogo haraka, "lakini kwa ukubwa, Bi Mkubwa ndiye…"

"Hapana, sitaki kumwonea mtu. Mnagawana gari, mtanigawana na mimi. Wiki kwako, wiki kwake. Jumamosi saa sita mnaweka ufunguo juu ya boneti, mnaniweka na mimi pembeni."

Nikamsikia Bi Mkubwa akisimama. Nikaendelea, maana chuma kilikuwa kinapata joto huku injini ikipoa.

"Mimi si mzigo mzito. Nakoroma, lakini si sana, jirani hajawahi kuvunja ukuta. Nikila namwaga. Naimba alfajiri. Lakini masikio yangu, nashukuru, ni mazima kabisa. Mtu akiacha kuona, husikia zaidi. Nitakuwa nimekaa kwa Bi Mkubwa wiki nzima, kimya, nasikia anachosema kwenye simu, nasikia nani anaingia mlango wa nyuma, nasikia anavyomsema Bi Mdogo. Halafu Jumamosi nahamia kwa Bi Mdogo. Na mnavyonijua, mimi nikikaa mahali pazuri, nikipewa chai, siwezi kunyamaza."

Nikageuza uso upande wa pili.

"Na wewe Bi Mdogo, vivyo hivyo. Kuna yale mambo unayosema ukidhani nimelala."

"Mambo gani?" akauliza Bi Mkubwa.

"Wiki yako ikifika, nitakuambia."

Nikasikia zipu. Mkoba ulifunguka taratibu kama mdomo wa mtu anayelazimishwa dawa. Kisha upande wa pili wa gari nikasikia kiti cha mbele kikisukumwa na kitu cha chuma kikiburuzwa sakafuni.

"Kumbe una mpira," akasema Bi Mkubwa.

"Kumbe una bisibisi."

"Mpira mpya kabisa. Umekuwa ukitembea nao."

"Na wewe umekaa hapo umeona wifi anapofuka, bisibisi chini ya makalio yako."

"Leta hapa nifunge."

"Mpira wangu haupiti mkononi mwako."

"Na bisibisi yangu haitoki mkononi mwangu."

Kwa hiyo kazi ya mtu mmoja ikafanywa na watu wawili wasiotazamana. Ugomvi wao ulikuwa na faida moja, injini ilikuwa imepoa. Bi Mkubwa akalegeza vibano, Bi Mdogo akauvuta ule mpira wa zamani, ukamtoka na maji yaliyobaki, yakamlowesha mpaka mapajani.

"Shikilia vizuri."

"Nimeshikilia. Wewe ndiye mikono inakutetemeka. Uzee."

"Sukuma mpaka mwisho. Marehemu alikuonyesha nini miaka yote hiyo?"

"Hakuwa na muda wa kunionyesha magari."

Kibano kimoja kilikuwa na kutu, kikakatika. Bi Mkubwa akapekua mfuko wa spana zake, akatoa kipya, akakiinua juu ili mwenzake akione vizuri. "Hiki ni changu. Shahidi wifi."

"Siwezi kushuhudia," nikasema. "Sioni."

Nikawaambia wamimine maji ya dumu langu, taratibu, gari likiwa limewashwa, waache hewa itoke mpaka rejeta iache kubwabwaja, ndipo wafunike. Kaka alikuwa akifanya hivyo kila mara, nami nilikuwa namshikia dumu. Maji yangu ya hospitali yakaisha yote. Bwana harusi akarudi kitini mtupu.

Bi Mkubwa akaendesha, safari hii kama amepakia mayai kweli. Bi Mdogo alikuwa ameinama mbele, anautazama mshale wa joto juu ya bega la mwenzake, na nilihisi pumzi zake zikienda na mashimo ya barabara. Mpira wake ulikuwa mle ndani, unaendeshwa na mtu mwingine. Nadhani hata kujifungua hakukumuuma vile.

Tulipoingia lango la hospitali, simu ya Bi Mdogo ikalia. Aliitegesha ilie saa sita.

"Simama. Zamu yangu."

"Niegeshe kwanza."

"Ufunguo juu ya boneti."

"Boneti ina moto."

"Ufunguo juu ya boneti."

Niliwaacha hapo. Nikafungua mlango mwenyewe, nikafuata ukuta kwa fimbo mpaka nikagongana na kitu cheupe kilichosema, "Bibi, daktari ameshavua glavu."

"Mwambie azivae. Nimetoka mbali na nimekuja na watu wawili wanaonipenda kupita kiasi. Awasikie mwenyewe."

Sauti zao zilikuwa zinaingia kwa dirisha. Muuguzi akasikiliza kidogo. Akasema, "Ingia."

Nililala hapo usiku, jicho limetolewa ukungu na kufungwa bandeji. Asubuhi, kabla ya kuondoka mjini, daktari akaifungua. Kitu cha kwanza kilikuwa kucha yake, kisha mistari ya kiganja, kisha kalenda ukutani yenye picha ya ng'ombe. Ng'ombe alikuwa na kope. Nilimwangalia muda mrefu yule ng'ombe. Daktari akaniuliza naona vidole vingapi, nikamwambia vyote, na kimoja kina wino.

Nikatoka nje. Gari lilikuwa uani, boneti wazi. Ilikuwa wiki ya Bi Mdogo, lakini Bi Mkubwa naye alikuwepo, ameinama kwenye injini na bisibisi yake, anafungua kibano chake arudi nacho nyumbani. Bi Mdogo amemshika mkono wa blauzi anamvuta. Wamezeeka, masikini. Bi Mkubwa ameota ndevu tatu kidevuni. Bi Mdogo amejipaka wanja upande mmoja mzito kuliko wa pili.

Nikanyoosha mkono mbele, nikapapasa hewa.

"Kuna mtu hapo?"

Wakaganda.

"Wifi, huoni?"

"Ukungu tu. Daktari amesema tungoje. Kama ni kuona, kutakuja polepole, na kama si kuona, basi." Nikashusha pumzi. "Wiki hii ni ya nani?"

Wakatazamana. Niliwaona waziwazi wakitazamana, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Bi Mkubwa akakaza kibano kilipokuwa, taratibu, bisibisi isipige kelele, akairudisha mfukoni. Bi Mdogo akafunga boneti.

Ningeishia hapo, ningekuwa nimepata nilichotaka. Lakini nilipokuwa napapasa ubavu wa gari kuutafuta mlango niliokuwa nauona, macho yakaangukia tairi la mbele. Ubavuni lilikuwa limeota jipu, kubwa kama yai, nyuzi zimechungulia. Nikawaangalia wale wawili. Bi Mkubwa alikuwa anatazama mbingu. Bi Mdogo alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba.

Nikainama, nikalipitishia kiganja lile jipu, mara ya kwanza, mara ya pili, uso nimeuelekeza kwingine.

"Hapa pamevimba."

"Wapi?" akasema Bi Mkubwa.

"Mimi sijaona kitu," akasema Bi Mdogo.

"Basi mimi kipofu nimeona." Nikalitafuta benchi kwa fimbo, nikakaa kivulini. "Sipandi. Mmoja ana jeki, mmoja ana tairi nyumbani. Leteni. Na kama hamwezi, semeni tu, niamue nianze kulala kwa nani."

Bi Mkubwa akavuta viatu mpaka stendi kwenda kuleta tairi lake. Bi Mdogo akatoa jeki yake kwenye buti, akatandika lile zulia la miguuni, akapiga magoti juu yake na gauni lake zuri, akaanza kuzungusha, anatukana kwa ndani. Mimi nikabaki kwenye benchi, nimeachama kidogo kama wafanyavyo wasioona, nikimhesabia mabaka ya jasho mgongoni.